Hiyo 001 Unaisoma Kutoka Upande Gani?

Asante, Mwenyekiti. Wapo humu walionisikia nikilisema hili mwaka jana na mwaka juzi. Nawaona pale nyuma mnatabasamu. Tabasamuni tu. Siku watafiti watakapoanza kuzijaribu programu zao kabla ya kuziamini, nitatafuta jambo jingine la kuwachosha nalo.

Mada ni kuwafundisha watafiti kuandika programu kwenye zile kambi za kampuni changa zinazounganisha kompyuta za kwanta na ujifunzaji wa mashine, yaani programu zinazojifunza zenyewe kutokana na data. Inayojulikana zaidi ni ya Toronto, ya Creative Destruction Lab, iliyofungua mkondo huo mwaka 2017. Unakusanya wanafizikia na wanahisabati, unawapa mafunzo na nafasi ya kutumia mashine zenyewe, kisha unataka watoke na kampuni. Kyubiti, ile biti ya kompyuta ya kwanta ambayo ukiipima inatoa 0 au 1, sitaieleza zaidi, mliokuja mnajua.

Wanafunzi wa namna hii wananizidi akili, nakiri bila haya. Ila programu walizoandika tangu chuoni hazijawahi kusomwa na mtu mwingine. Zilitoa mchoro, mchoro ukaingia kwenye tasnifu, basi. Sasa kwenye kampuni mwenzao anataka kujenga juu ya programu hizo.

Kulikuwa na vijana wawili, kampuni siitaji. Mmoja alizoea Qiskit, wa pili PennyLane, zana mbili za kuandika programu za kwanta. Wakagawana kazi: huyu atengeneze sakiti, yaani mfuatano wa hatua zinazofanywa juu ya kyubiti, yule ayachukue matokeo ayachakate. Sikilizeni sasa. Chukua kyubiti tatu, zote zikiwa sufuri. Geuza ile namba sufuri (tunahesabu kuanzia sufuri) iwe moja, hiyo peke yake, kisha pima. Qiskit itakuandikia 001, kwa sababu kwake kyubiti namba sufuri inakaa kulia kabisa. PennyLane itakuandikia 100, kwa sababu kwake namba sufuri ndiyo ya kwanza kushoto. Hakuna aliyekosea. Lakini zitoe kwenye mfumo wa jozi uzifanye kuwa namba za kawaida: hii ni 1, hii ni 4. Basi yule wa pili akawa anayasoma matokeo ya mwenzake kinyume.

Sisi Waswahili tungekuwa walimu wa dunia katika jambo hili! Mwambie mgeni aje saa mbili, uone atakapobisha hodi. Saa yake nzima, yako nzima, na mmepishana saa sita.

Mtaniuliza, kwani hawakujaribu? Walijaribu! Hapo ndipo ninapokasirika. Walitengeneza hali ya Bell, lile zoezi la kila mwanafunzi la kuzifunga kyubiti mbili zitoe jibu moja daima, wakapata 00 nusu na 11 nusu, wakapongezana. Jamani. 00 ukiisoma kutoka kulia ni nini? Na 11? (Kicheko.) Walichagua jaribio ambalo haliwezi kuliona kosa lile hata likae nalo mwaka mzima. Wakaongeza kyubiti ya tatu ili wapate uhakika zaidi: 000 na 111. Msicheke, nanyi mmefanya.

Na hapa ujifunzaji wa mashine unageuka adui. Programu ya kawaida yenye kosa mara nyingi hugoma, au hutoa upuuzi ukauona. Hii inajifunza. Ukiipa data iliyopinduliwa inazungusha vigezo vyake, zile namba zake za ndani, mpaka ipate namna ya kuishi na kosa lako. Mstari wa makosa kwenye mchoro wao ulikuwa unashuka. Haukushuka sana, lakini ulishuka, nao wakaridhika nao. Wiki tatu wakawa wanalaumu kelele za mashine, yaani vurugu ndogondogo zinazoharibu vipimo. Kelele zipo kweli kwenye kyubiti, ndiyo maana ni kisingizio kitamu.

Mkidhani huo ni utoto wa kampuni changa, kuna kisa cha Geoffrey Chang, mtaalamu wa maumbo ya protini huko California. Mwaka 2006 alilazimika kuziondoa makala zake, tatu zikiwa za jarida la Science, kwa sababu programu ndogo waliyoitumia maabara ilibadilishana safu mbili za data. Safu mbili! Umbo likatokea kinyume, mkono wa kushoto mahali pa wa kulia. Na programu haikugoma hata siku moja.

Kwa hiyo siku ya kwanza natoa zoezi moja. Andika jaribio ambalo jibu lake unalijua kwa kalamu na karatasi, na ambalo kitu kikipinduka linaanguka. Kisha kipindue kwa makusudi, ulione likianguka. Wanafizikia wakishalielewa wanalipenda, maana hakuna anayepima dhahabu kwa mizani asiyoijaribu kwanza kwa jiwe analolijua uzito.

Kuna bwana mmoja huniinukia kila mara: mwalimu, matokeo ya kwanta ni ya nasibu, utajaribuje kitu kisichotoa jibu lilelile? Bwana, wewe ni mwanafizikia! Ukipima mara 1,000 kitu cha nusu kwa nusu, utarajie 500, na mchepuko wake wa kawaida, yaani kiasi ambacho kwa kawaida utapishana na hiyo 500, ni kama 16. Ruhusu 450 hadi 550, ukalale. Ikitoka 700, usiseme ni bahati. Na unapoigiza kwanta kwenye kompyuta ya kawaida, weka mbegu ya namba nasibu, yaani namba maalumu ya kuanzia, ili kesho upate yaleyale.

Wa siku hizi ananiambia akili mnemba itamwandikia. Itamwandikia, tena upesi. Imesoma programu za watu wa 001 na za watu wa 100. Imekupa ipi?

Na yupo asemaye hana muda wa majaribio, mwekezaji anakuja Alhamisi. Huyo simjibu. Wiki tatu, ndugu yangu.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Haya. Git, zana ya kutunza kila toleo la programu: ifundisheni kwa nusu siku, amri tano au sita zinatosha. Folda yenye “mwisho”, “mwisho_kabisa” na “mwisho_huu_kweli” mnaijua wenyewe. Daftari la Jupyter, ukurasa wa kuandikia programu vipande vipande: visanduku vyake vinakubali kuendeshwa ovyo bila mpangilio, kwa hiyo kabla ya kumpa mwenzako, anza upya, endesha kutoka juu hadi chini. Kumbukumbu ya kompyuta: kuigiza kyubiti 30 kikamilifu kunataka GB 16 hivi, na kila kyubiti unayoongeza inazidisha mara mbili. Fanya jaribio lako kwa kyubiti tatu. Nilitaka pia kueleza vile vikaratasi vya rangi mbili vya Software Carpentry, watu wanaofundisha watafiti kuandika programu, walioanza kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, mwaka 1998: aliyekwama anabandika rangi yake kwenye laptopu, aliyemaliza anabandika yake, na mwalimu anaona bila mtu kuaibika kunyoosha mkono. Vitumieni. Leseni na hakimiliki, ambazo ndizo zitakazowafikisha mahakamani, nimezinyima muda mwenyewe.

Slaidi zimebaki kumi na moja, tuziache. Kabla ya chai, wenye laptopu fungueni. Kyubiti tatu, geuzeni namba sufuri tu, pimeni. Wenye 001 wasimame upande wa dirishani, wenye 100 wasimame mlangoni. Aliyepata 010 aje hapa mbele kwangu.