Mashine ya Boti Imepoteza Nguvu: Pima Kompresheni Kabla ya Kuishusha

Karibuni manahodha na mafundi wenzangu. Hapa kwenye stendi nina Yamaha Enduro ya farasi 40, silinda mbili, mashine ya kuchanganya oili na petroli. Mwenyewe anasema inawaka kwa taabu, na boti ikibeba watu na nyavu haipandi tena juu ya maji. Ameshaambiwa aishushe yote, yaani aifungue mashine nzima. Huenda ni kweli, lakini mimi sigusi boliti ya hedi, kile kifuniko cha silinda, kabla ya kupima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Ringi na pistoni ni ghali, na nimeona watu wakizinunua bila sababu.

Kwanza ipashe moto. Mguu wa mashine umezama kwenye pipa la maji, acha izunguke dakika tano. Usiiwashe kavu hata kidogo, maana impela, ile feni ya pampu ya maji, ni mpira na itaungua.

Zima. Vua plagi zote mbili, uzipange ya juu na ya chini zisichanganyike. Ya juu ina rangi ya kahawia, inachoma vizuri. Sasa itazame ya chini kwa karibu. Unaona vile vidoto vinavyong'aa? Hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Kabla hata ya geji ya kompresheni tumeshapata habari mbaya.

Chomoa kamba ya usalama, kisha gusisha waya za plagi kwenye chuma cha injini. Mvuke wa petroli unatoka matunduni na cheche moja inatosha kuuwasha.

Funga geji, uzi wa milimita 14. Halafu zungusha mpini wa mafuta (eksileta) mpaka mwisho. Hapa ndipo wengi wanakosea: kabureta ikiwa imefungwa hewa haiingii, geji inasoma chini, na mashine nzima inahukumiwa bure. Kama mpini haufiki mwisho ukiwa nyutro, fungua kwa mkono pale kwenye kabureta.

Vuta kamba ya kuwashia mara sita kwa nguvu ileile, mpaka mshale usipande tena. Juu: psi 118. Hamisha geji, vuta tena mara sita. Chini: psi 88.

Geji zinatofautiana, kwa hiyo namba yenyewe ilinganishe na kitabu cha mashine yako. Mimi natazama zaidi tofauti baina ya silinda. Ikizidi asilimia 10 naanza kuwa na wasiwasi, na hapa imepungua robo nzima. Zote mbili zikishuka sawasawa, rudia kipimo kwa geji nyingine, kisha shuku gasketi ya hedi au uchakavu wa jumla.

Wengine humimina kijiko cha oili ndani na kupima tena: ikipanda, ringi zimechoka. Kwenye mashine hii, ambayo ndani tayari kuna oili, siutegemei sana mtihani huo. Naamini macho.

Basi tufungue hedi. Boliti zilizoliwa na chumvi usizilazimishe. Zipulizie mafuta ya kulegeza na uzilaze nazo usiku mzima. Ikikatika moja ndani ya bloku, umejiongezea siku ya kazi.

Pitisha ukucha ukutani mwa silinda. Ukiteleza, na ringi zimekwama kwa masizi tu, safisha, weka ringi mpya, pima mwanya wake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Hapa ukucha unakwama, tena upande wa ekzosi. Ringi mpya juu ya ukuta huu ni pesa baharini. Silinda hii inachongwa, iingie pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25, au 0.50 ikibidi. Mwambie mchongaji alainishe kingo za matundu ya ukuta wa silinda baada ya kuchonga, la sivyo ringi itanasa na kuvunjika.

Bado hatujajua kwa nini imeungua ya chini peke yake, na bila kujua hilo pistoni mpya itaungua vilevile. Maji ya kupoza yalikuwa yanatoka vizuri, oili ilichanganywa sawa. Nimefungua bloku: sili ya chini ya krankishafti, mpira unaoziba hewa kwenye shafti inayozungushwa na pistoni, imekatika mdomo. Ilikuwa inavuta hewa, petroli na oili vikapungua kwenye silinda hiyo, pistoni ikapata joto kupita kiasi. Geji ya kompresheni haiwezi kukuonyesha hilo.

Kwa hiyo sili zote mpya, silinda ya chini kwa mchongaji, ya juu ringi tu.