Kupanda Usambara kwa baiskeli: Mombo, Soni hadi Mlalo

SALIMU: Karibuni tena, jamani. Leo nipo na dada Zuhura, ambaye kama mngemwona hapa studio, kidole chake kina plasta.

ZUHURA: Kidole kimoja tu, kaka. Usianze kuongeza chumvi.

SALIMU: Haya, kimoja. Tumerudi juzi kutoka Usambara Magharibi, siku nne za baiskeli. Tulikuwa tunatafuta barabara za kimya, zile ambazo unasikia cheni yako mwenyewe. Kidole tutakifikia.

ZUHURA: Tuanzie Mombo. Barabara kuu ya Dar kwenda Moshi na Arusha sikushauri mtu aiendeshee baiskeli, mabasi yale hayana utani. Sisi tulipakia kwenye basi. Konda alitaka kuilaza baiskeli yangu chini ya viroba vya mchele.

SALIMU: Ukamwambiaje?

ZUHURA: Nikavua tairi zote mbili, fremu ikasimama pembeni ya buti, tukaelewana kwa elfu tano. Mombo ukishuka ni nyika: joto, mikonge, vumbi. Reli kutoka Tanga ilifika pale mwaka 1905, na mji bado una sura ya kituo, watu wanapita tu. Halafu unakata kona kuelekea mlimani, na baada ya dakika chache umeingia korongoni.

SALIMU: Mtu ambaye hajafika aelewe. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, lami tupu, na unapanda karibu mita 1,000. Ukigawanya, ni mita tatu hivi kwa kila mita mia. Kwenye karatasi inaonekana rahisi.

ZUHURA: Karatasi haina jua la saa nne. Na huko kupanda hakukugawanywa sawa. Sehemu kubwa iko kabla ya Soni. Barabara imelifuata korongo la mto, mwamba upande huu, shimo upande ule. Maji huyaoni muda wote, ila unayasikia. Na ubaridi wake unakupiga shingoni kwenye kona zenye kivuli. Mimi nilikuwa nahesabu kona hizo kama mtu anayehesabu visima.

SALIMU: Kimya je? Maana tuliahidi kimya.

ZUHURA: Kimya cha barabara ile ni cha saa. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulipishana na bodaboda tatu na watu wanaokwenda kanisani. Basi. Siku ya pili nilishuka alasiri kununua tyubu, nikakutana na Fuso za kabichi na karoti zinazowahi soko la Dar. Kona ile ile, barabara nyingine kabisa. Kwa hiyo ukiniuliza njia gani ina utulivu, mimi nakuuliza saa ngapi.

SALIMU: Na hapo ndipo kidole.

ZUHURA: Hapo ndipo kidole. Kosa ni langu mwenyewe, naomba lisikike hivyo. Baiskeli yangu ina breki za raba zinazobana rimu. Nikitoka Soni kushuka niliogopa mwendo, nikashika breki zote mbili, nikazishikilia. Sikuachia. Kilomita baada ya kilomita. Nikasikia harufu kama ya kandambili iliyoangukia jiko la mkaa, kisha *paa!* Tairi la nyuma.

SALIMU: Mimi nilidhani mtu kapiga bunduki.

ZUHURA: Nikasimama, nikagusa rimu kuangalia kama imepinda. Ndiyo plasta hii. Chuma kilikuwa moto kama kikaango. Ukibana bila kuachia, joto lote linaingia kwenye rimu, upepo ndani ya tyubu unatanuka, na tyubu yenyewe inalainika. Ikipata upenyo inapasuka. Bahati yangu ni kwamba lilikuwa la nyuma, na nilikuwa nimeshapunguza mwendo.

SALIMU: Yule mama wa plamu ndiye aliyekuokoa.

ZUHURA: Alikuwa na ndoo mbili za plamu kando ya barabara, akanimwagia maji kidoleni kabla hata ya salamu. Halafu akacheka, akasema wa nyika wote wanashuka hivyo hivyo. Sasa nimejifunza: unabana kwa nguvu kabla ya kona, unaachia, unaiacha baiskeli iende, unabana tena. Mbele, nyuma, kwa zamu. Na kila baada ya muda unasimama, unatazama bonde, unajifanya umependa mandhari.

SALIMU: Mandhari pale huhitaji kujifanya, dada.

ZUHURA: Kweli. Soni penyewe pana maporomoko, maji yanaanguka karibu kabisa na barabara. Lakini raha yangu ilikuwa njia ya kulia kwenda Bumbuli.

SALIMU: Lami inakuacha.

ZUHURA: Inakuacha, na magari pia yanakuacha. Unapanda, unashuka kwenye kijito, unavuka daraja, unapanda tena, huku chai imefunika vilima kama mkeka. Jirani na hapo ndipo Vuga, palipokuwa makao ya Wakilindi, wafalme wa Wasambaa, ukoo wa Mbegha yule mwindaji. Mzee mmoja dukani alianza kutusimulia habari za Mbegha na nguruwe, soda yangu ikapoa… tuseme ikapata joto.

SALIMU: Njia hiyo usiende na tairi nyembamba. Mimi nilikuwa na za milimita 40, nikaona ndiyo kiwango cha chini. Na usiende Aprili. Masika ikikolea, ule udongo mwekundu unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Unabeba baiskeli, badala ya baiskeli kukubeba wewe. Afadhali Julai hadi Septemba, ingawa asubuhi kuna ukungu na baridi ya kutetemesha meno. Beba koti.

ZUHURA: Mimi nilibeba kanga.

SALIMU: Ukaivaa shingoni kama skafu, nikaona aibu badala yako. Haya, Lushoto. Mji mdogo, Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Sisi tulilala, tukala, tukaondoka. Kutoka pale unapanda Magamba, msitu mnene, mbega wanakuchungulia juu ya miti, halafu unapita mashamba ya mboga kuelekea Mlalo.

ZUHURA: Mlalo! Kama mtu ana siku moja tu, mimi ningemwambia aende Mlalo. Unatokea ukingoni, chini yako kuna bonde kama bakuli, nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao, na mashamba yamepangwa ngazi hadi chini. Mito ya huko ndiyo inayoutengeneza Umba, ambao unakwenda hadi bahari ya Hindi karibu na Vanga, Kenya.

SALIMU: Na yale matuta yana hadithi. Serikali ya Mwingereza ilianza mradi wa hifadhi ya udongo Mlalo mwaka 1946, baadaye ukaenea Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta, akina mama ndio waliobeba kazi kubwa. Wasambaa wakagoma, na kabla ya uhuru mpango ukafa.

ZUHURA: Nilikuwa naishusha baiskeli taratibu kwenye kokoto nikiwaza hilo. Unaona mteremko ule, ukiambiwa uuchimbe wote kwa jembe la mkono…

SALIMU: Mimi nilikuwa nawaza breki zako.

ZUHURA: Breki zangu hazikuwa kitu mbele ya yule kijana. Msimulie.

SALIMU: Msimulie wewe, ulikuwa karibu.

ZUHURA: Nipo kwenye kona, nabana, naachia, kama mwanafunzi mzuri. Nyuma nasikia kengele. Kijana na Phoenix, haina gia, breki ya mbele haipo, kwenye keria amefunga kabichi kama kumi na mbili kwa mpira wa tyubu. Mguu mmoja kwenye pedali, wa pili ameukandamiza na kandambili juu ya tairi la nyuma. Hiyo ndiyo breki. Akanipita. Chini darajani nikamkuta anapumzika. Akanitazama: helmeti, glavu, miwani. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, na mzigo wako uko wapi?"

SALIMU: Ukamjibu nini?

ZUHURA: Sikujibu. Nilinunua kabichi mbili, akanifungia nyuma mwenyewe. Moja bado ipo jikoni kwangu.