Ndege ya Manjano Juu ya Nam Lolwe

ACHIENG: Karibuni tena kipindini. Tuko Kisumu, kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, jua linawaka vilivyo, na mwenzangu Wafula amenijia na picha ya kindege cha manjano kilichovaa viatu.

WAFULA: Si viatu, mama, ni maboya. Ya alumini. Na hicho kindege ni Piper J-3 Cub, kilitengenezwa Marekani tangu 1938 hadi 1947. Mifupa ni mabomba ya chuma, juu yake kitambaa kilichopakwa rangi, mbele injini ya nguvu za farasi 65. Kuna pikipiki zinazoizidi nguvu!

ACHIENG: Na mtu mwenye akili zake anapanda?

WAFULA: Anapanda, anainunua, anaikarabati jioni baada ya kazi, halafu Jumamosi anaenda nayo ziwani.

ACHIENG: Kwenda wapi?

WAFULA: Hakuna anakokwenda! Anapaa, anatua, anafunga kamba kwenye mti, anakula mkate wake, anapaa tena. Huko Florida, mji wa Winter Haven, kuna kituo kinaitwa Jack Brown's ambacho kimekuwa kikifundisha urubani wa majini tangu 1963, na mpaka leo wanatumia Cub hizo hizo.

ACHIENG: Msikilizaji wa Kondele anasema, "Hayo ni ya wazungu."

WAFULA: Basi amuulize babu yake. Mwaka 1931 Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, walikuwa wanaleta abiria na barua kutoka Khartoum kwa ndege za majini, zikatua hapa Kisumu. Kufikia 1937 zikaja zile kubwa za Short Empire, injini nne, safari ya Southampton mpaka Durban, na Kisumu ilikuwa kituo. Baada ya vita vya pili vya dunia zikawa zinatua Naivasha, na 1950 hadithi ikaisha.

ACHIENG: Lakini hizo ni tofauti na hii yako.

WAFULA: Tofauti kabisa. Zile, tumbo la ndege lenyewe ndilo lilielea. Hii ni ndege ya nchi kavu iliyotolewa magurudumu ikafungwa maboya mawili. Na hapo ndipo ninapopenda mimi, kwa sababu kazi kubwa haiko angani, iko majini. Kabla ya kuruka unapiga magoti juu ya boya. Ndani limegawanywa vyumba vyumba, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kubeba. Kila chumba kina kitundu kilichozibwa kwa kimpira. Unakitoa, unachomeka pampu ya mkono, unavuta. Chumba kimoja kikitoa maji mengi kuliko jana, huruki, unatafuta msumari uliolegea.

ACHIENG: Hiyo si kazi ya rubani, hiyo ni kazi ya kila asubuhi pale Dunga, ufuo wetu wa wavuvi. Mvuvi anakumba maji kwenye boti kabla ya chochote.

WAFULA: Ndiyo nasema! Sasa sikiliza kuwasha. Cub nyingi hazina stata, yaani mota ya kuwashia injini. Unasimama juu ya boya la kulia, nyuma ya panga, lile panga boi la mbele linalozunguka, mkono mmoja umeshika nguzo ya mlango, mwingine unalivuta panga kwa nguvu. Injini ikiwaka, ndege inaondoka hapo hapo, maana majini hakuna breki. Unaingia kiti cha nyuma haraka, na tayari unasafiri.

ACHIENG: Aii! Na kamba je?

WAFULA: Kamba umeshafungua. Ukikosea upepo unavuta, gati linakungoja ubavuni.

ACHIENG: Kwa hiyo kusoma upepo kwanza.

WAFULA: Upepo na mkondo. Kisha unatia moto wote. Pua inainuka, mbele huoni kitu, maji yanarukia panga. Polepole ndege inajiinua, inakimbia juu juu ya maji. Chini ya boya kuna kidato, kama katikati hivi, kinachosaidia maji yaachie. Ziwa likiwa na viwimbi vidogo, inaachia upesi. Likiwa tuli, linang'ang'ania. Wengine huinua boya moja kwanza, la pili lifuate.

ACHIENG: Mimi ningedhani ziwa tuli ndilo zuri.

WAFULA: Ndilo linaloua. Wakati wa kutua, maji tuli hayana alama, jicho halijui uso uko mita moja au mita kumi chini. Rubani mzoefu haamini macho yake. Anakaa karibu na ufuo apate kitu cha kulinganisha, anaacha injini ikivuta kidogo, anashuka taratibu, kama futi 150 kwa dakika, na kungoja tu maji yamguse.

ACHIENG: Sasa tuje kwetu. Ingewezekana hapa?

WAFULA: Kwa Cub ya farasi 65? Nina wasiwasi. Ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mchana ikifika digrii 30, hewa ni ile injini ingeipata karibu mita 2,000. Farasi kadhaa wamelala. Ukiongeza abiria, mtakimbia majini mpaka Homa Bay.

ACHIENG: Basi alfajiri, kukiwa baridi.

WAFULA: Alfajiri ziwa ni tuli, tumeshasema. Na boti za omena, wale dagaa wetu, ndizo zinarudi.

ACHIENG: Na nyavu, usisahau nyavu. Halafu gugu maji, mmea unaoelea. Unaondoka asubuhi ghuba iko wazi, upepo unageuka, ukirudi jioni ni shamba. Kutoka juu mtu mgeni atadhani ni nyasi.

WAFULA: Na viboko.

ACHIENG: Kiboko si tatizo kama unajua anapolala. Mimi nasema hivi: huyo mtu wa Cub akija, asianze na mwalimu wa ndege. Aajiri mzee wa Dunga amfundishe ghuba.

WAFULA: Nakubali, ila leseni bado ni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na saa za mafunzo ni ghali. Hapo mzee wa Dunga hawezi kumsaidia.

ACHIENG: Kuna msikilizaji wa Nakuru anauliza, kwa nini wasitumie ziwa lao?

WAFULA: Kwanza ni hifadhi ya taifa, waacheni ndege wenye manyoya. Pili, maji yale ni ya magadi. Alumini na magadi haziishi nyumba moja. Naivasha maji hayana chumvi, lakini iko juu zaidi, karibu mita 1,900.

ACHIENG: Haya, tuseme umepata mashine. Mimi nakaa wapi?

WAFULA: Kiti cha mbele. Na tukifika gati, injini imezimwa, abiria ndiye anayeruka na kamba.

ACHIENG: Kamba naijua tangu utotoni. Wewe mtu wa Bungoma ndiye nitakayekuopoa.