Gemu Inajifunga Kwenye Laptopu? Usiifute Kwanza, Fuata Hatua Hizi

Habari zenu, karibuni. Video hii ni yako wewe ambaye gemu inakutoa katikati ya mchezo, na umeshaanza kufikiria kuifuta yote uipakue upya. Subiri kidogo. Bando ni pesa, na mara nyingi mtu anapakua usiku kucha, halafu asubuhi gemu inaangukia palepale, kwa sababu ubovu haukuwa ndani ya gemu hata kidogo.

Mfano wetu leo ni Euro Truck Simulator 2, ile ya SCS Software wa Jamhuri ya Cheki. Imetoka mwaka 2012 lakini hapa Kisumu bado inapendwa, hasa na wanaoweka modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe, za mabasi yetu na ramani za barabara zetu. Wengi wanaichezea kwenye laptopu za ex-UK zilizotengenezewa kazi za ofisi. Kama unacheza gemu nyingine ya Windows usiondoke, karibu kila hatua inakuhusu.

Kabla hujagusa chochote, chunguza jinsi gemu inavyokufa. Jiulize imekaa muda gani kabla ya kuanguka, na imeanguka vipi. Ikifa hata menyu haijatokea, fikiria draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa kama kadi ya grafiki, au faili zilizoharibika. Ikifa kila ukifika mji uleule au ukichagua basi lilelile, mshuku modi. Ikicheza vizuri asubuhi na kufa mchana baada ya dakika ishirini hivi, mshuku joto. Tena usichanganye mambo matatu: gemu kujifunga na kukurudisha kwenye desktopu, skrini kuwa nyeusi kidogo kisha ikarudi, na laptopu nzima kuzimika ghafla. Hilo la mwisho, nikisikia tu, naanza na joto na umeme kabla ya kuitazama gemu.

Sasa tuiulize Windows yenyewe imeona nini. Bonyeza kitufe cha Start, andika neno «reliability», kisha ufungue View reliability history. Umeona huu mchoro wa siku? Kila alama nyekundu ya mkasi, hii X, ni tukio la kitu kuanguka. Bofya siku ambayo gemu ilikusumbua, tafuta jina la gemu hapo chini, halafu ubofye maneno ya View technical details. Usiogope maandishi haya. Tunatafuta mistari miwili tu.

Mstari wa kwanza ni Fault Module Name. Huo unataja faili iliyokuwa ikifanya kazi gemu ilipoanguka. Jina likianza na nv, kama nvwgf2umx.dll, hiyo ni draiva ya grafiki ya Nvidia. Likianza na igd, ni ya Intel. Likianza na ati au amd, ni ya AMD. Likiwa jina la gemu yenyewe, kwetu ni eurotrucks2.exe, basi tutaenda kwenye modi na faili za gemu. Mstari wa pili ni Exception Code. Mara nyingi utakuta 0xc0000005, maana yake programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa kuigusa. Namba hiyo peke yake haimtaji mkosaji, kwa sababu modi mbovu huileta, RAM mbovu, yaani kile kipande chenyewe cha kumbukumbu, huileta, na draiva pia. Ndiyo maana tunaisoma pamoja na jina la faili.

Kama ni laptopu nzima inayozimika, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, utafute Kernel-Power namba 41. Inakwambia kwamba mashine ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Haisemi kwa nini, lakini ukiiona saa ileile uliyokuwa unacheza, uende moja kwa moja kwenye hatua ya joto.

Na hapa kwenye joto tukae kidogo, maana sisi watu wa Kisumu linatuhusu kuliko wengine. Mji wetu uko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru wako karibu mita 1,850. Chumba chenye baridi kule kinaweza kuwa na joto la nyuzi 20 saa ambayo chako huku kina 30, na zile nyuzi kumi zinaongezeka karibu zote kwenye prosesa, ule ubongo wa laptopu, kwa sababu feni haitengenezi baridi, inapuliza tu hewa iliyomo chumbani. Kwa hiyo binamu yako wa Nakuru anaweza kucheza na laptopu kama yako bila shida, wewe ikakuzimikia, na wote wawili hamna kosa.

Pakua programu ya bure inayoitwa HWiNFO, ni ndogo, haitakula bando. Ukiifungua chagua Sensors-only. Iache nyuma ikifanya kazi, ucheze nusu saa, kisha urudi usome safu ya Maximum. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100 au karibu na hapo. Zikikikaribia zinapunguza kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda mashine inajizima ili isiungue. Ukikuta 95 na kwenda juu, umeshapata pa kuanzia.

Anza na visivyogharimu kitu. Toa laptopu kitandani na juu ya mto, iweke mezani, inua nyuma yake kwa vitabu viwili ili matundu ya chini yapate hewa. Halafu punguza kazi ya prosesa: ingia Control Panel, Power Options, Change plan settings, Change advanced power settings, ufungue Processor power management, na kwenye Maximum processor state uandike 99 badala ya 100. Kwa prosesa nyingi za Intel, asilimia hiyo moja inazima ule mwendo wa ziada unaoitwa Turbo Boost, na joto linashuka sana huku gemu ikipungua kasi kidogo tu. Naipenda hatua hii kuliko zote kwa sababu ni ya bure, na usipoipenda unairudisha 100 kwa dakika moja. Laptopu nyingine mpya zimelificha sanduku hilo. Usipoliona, usihangaike, songa mbele.

Ndani ya Euro Truck, ingia kwenye mipangilio ya grafiki uangalie Scaling, yaani ukubwa ambao gemu inachorea picha kabla ya kuileta kwenye skrini. Wengine wanaiweka 200 au 300 kwa sababu picha inapendeza. Kwa laptopu ya ofisi, iache 100. Washa na V-Sync, ili kadi ya grafiki isichore picha nyingi kuliko skrini inavyoweza kuonyesha.

Kama bado ni moto, ndani kuna uchafu. Huku kando ya ziwa si vumbi tu. Kuna wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani usiku na kufuata mwanga, na skrini ni mwanga. Feni inaweza kuwavuta, wanashikana na vumbi kwenye yale mapezi membamba ya kupozea, na hewa inakosa njia. Zima laptopu, chomoa chaja, na kama betri inatoka itoe. Fungua kifuniko cha chini, zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, halafu upulize kwa blowa kutoka upande wa matundu. Kuzuia feni ni lazima, maana ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuharibika. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia ndani. Laptopu ikiwa ya miaka mingi, mwambie fundi abadilishe pia pesti ya joto iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea, kwa sababu hukauka. Kama hujawahi kufungua laptopu, mpelekee fundi unayemwamini, iwe Kondele au pale Oginga Odinga Street, ukae naye akiifungua.

Umeme sasa. Geuza chaja usome wati zilizoandikwa, uzilinganishe na chaja ya asili ya laptopu hiyo. Laptopu ya wati 90 inayolishwa na chaja ya wati 45 itaandika barua siku nzima bila shida, ila gemu ikianza inaishiwa nguvu. Na kama betri yako imekufa kabisa, kila stima ikiyumba hata sekunde moja laptopu inazimika. Hapo hakuna mipangilio itakayokuokoa. Betri ndiyo dawa.

Kumbukumbu nitaipitia haraka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uingie Performance, kisha Memory, gemu ikiwa imefunguka. Laptopu ya RAM gigabaiti 4 yenye grafiki ya Intel inaazima sehemu ya hizo hizo 4 kwa ajili ya picha, kwa hiyo funga Chrome kabla ya kucheza. Hakikisha diski C ina nafasi, angalau gigabaiti 10, na kama kuna aliyekushauri uzime virtual memory, ile sehemu ya diski inayoisaidia RAM, irudishe iwe System managed size. RAM ikijaa na pa kumwagia hakuna, gemu inakufa bila hata ujumbe. Ukishuku RAM yenyewe ni mbovu, andika mdsched kwenye Start, laptopu itajiwasha upya na kuipima.

Tuje kwenye modi, na hapa ndipo wenye mabasi yetu mnapoumia zaidi. Kila toleo jipya la gemu linaweza kubadilisha mambo ya ndani, na modi iliyotengenezewa toleo la zamani ikagoma. Kwanza fungua folda ya Documents, nakili folda yote ya Euro Truck Simulator 2 uiweke kwenye flashi. Kama profaili yako, yaani rekodi ya mchezo wako, imehifadhiwa Steam Cloud, ile hifadhi ya mtandaoni ya Steam, duka la gemu, fahamu kwamba haimo kwenye nakala hiyo. Ukimaliza, ingia ndani ya folda hiyo ufungue faili inayoitwa game.log.txt, ushuke hadi chini kabisa. Mistari yenye neno ERROR karibu na mwisho mara nyingi inataja njia ya faili, na kwenye njia hiyo utalitambua jina la basi au ramani.

Usipolitambua, tengeneza profaili mpya isiyo na modi hata moja, ucheze. Nasisitiza profaili mpya, kwa sababu ukifungua ile ya zamani bila ramani yake unaweza kupoteza kazi zako na mahali ulipofika. Profaili mpya ikidumu, basi ni modi. Washa nusu ya modi zako, jaribu. Ikianguka, mbaya yumo kwenye nusu hiyo, igawe tena. Hata ukiwa na modi thelathini, hutahitaji majaribio mengi. Ila kumbuka kuna modi zinazotegemeana, kama ramani yenye faili tatu, hizo ziende pamoja, na zifuate mpangilio aliouandika mtengenezaji.

Kwa draiva, pakua ile ya tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, na kama ubovu ulianza mara tu baada ya Windows kujisasisha, ingia Device Manager, Display adapters, Properties, kichupo cha Driver, ubofye Roll Back Driver. Chochote unachobadilisha, badilisha kimoja, cheza nusu saa, ndipo uguse kingine.

Faili za gemu zenyewe zikishukiwa, ndani ya Steam bofya gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, Installed Files, kisha Verify integrity of game files. Itakagua zote na kupakua zilizoharibika tu. Na hata ikilazimu kuiweka gemu upya, kama rafiki yako anayo, nakili folda yake kutoka steamapps, common, kwa diski ya nje, uiweke mahali hapohapo kwako, kisha ubofye Install. Steam itazitambua faili zilizopo, nawe utapakua zile zilizopungua peke yake.