Vizibo, Trei ya Mayai na Mchanga: Masomo ya Awali Nyumbani kwa Mtoto wa Miaka 4

Karibu. Leo tunamchezesha mtoto wa miaka 4 hivi, na katika mchezo huohuo anajifunza kuhesabu hadi kumi na kuunda maneno yake ya kwanza. Penseli na daftari viweke pembeni. Kuokota kizibo kwa ncha za vidole kunasaidia kuuandaa mkono kwa kazi ya penseli baadaye.

Tafuta vizibo 35 vya plastiki vya chupa za maji. Vya soda vya bati viache, kingo zake zinakwaruza. Vioshe kwa sabuni na uvianike vikauke kabisa, maana wino haushiki kwenye plastiki yenye unyevu. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 3, mchezo ufanyike yeye akiwa amelala au amebebwa: kizibo kinaweza kumkaba.

Sasa trei. Trei ya mayai 30 ina mistari sita, kila mstari vishimo vitano. Kata kila baada ya mistari miwili, utapata vipande vitatu vya vishimo kumi kumi. Chagua trei isiyo na madoa ya yai wala kinyesi cha kuku. Ya plastiki ni bora kwa sababu inaoshwa. Vyovyote iwavyo, mchezo ukiisha mtoto anawe mikono.

Tuanze kuhesabu. Weka kipande kimoja cha trei mbele ya mtoto na vizibo vitano kwenye kikombe. Anachukua kimoja, anakitumbukiza kwenye kishimo, anasema "moja". Cha pili, "mbili". Neno litoke kizibo kinapotua, si kabla.

Kwa nini tunatumbukiza badala ya kuvipanga mezani na kuvigusa kwa kidole? Angalia hapa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, hadi kumi: kila namba ina silabi mbili. Mtoto akihesabu kwa kidole, anaweza kusema "mo" kwenye kizibo cha kwanza na "ja" kwenye cha pili. Vizibo vitano anavimaliza akiwa bado kwenye tatu, na mzazi anadhani mtoto hajui namba. Anazijua sana, ni kidole kinachofuata silabi. Kutumbukiza kunampunguza mwendo, na kishimo kilichojaa hakiwezi kuhesabiwa mara mbili.

Akifika tano, muulize: "Vizibo vingapi?" Wengi watarudi kuanza moja tena. Hilo linaonyesha kwamba bado hajatambua kuwa namba ya mwisho ndiyo jumla ya vyote. Usimsahihishe kwa maneno mengi. Hesabu wewe, kisha zungusha mkono juu ya trei nzima na useme: "Vitano. Vyote vitano." Fanya hivyo kila siku, na vizibo vitatu au vinne kwanza, mpaka ajibu bila kurudia.

Hapa sikiliza lugha pia. Tukihesabu kavu tunasema moja, mbili, tatu, lakini tukitaja vitu ni kizibo kimoja, vizibo viwili, vitatu. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Nane inakuwa vinane. Mtoto akisema "vizibo visita", msicheke. Ameikamata kanuni na kuivusha mpaka. Jibu tu, "Ndiyo, vizibo sita," na mchezo uendelee.

Tano zikishakaa, ongeza kimoja kimoja hadi kumi. Trei itamwonyesha yenyewe: mstari mmoja uliojaa ni tano, na vilivyozidi vinaonekana chini yake. Saba ni tano na viwili. Hivi anaanza kujumlisha kabla hajaiona alama ya kujumlisha.

Mchezo wanaoupenda zaidi ni wa kuficha. Weka vizibo vitatu mezani, mtoto avihesabu. Afumbe macho, funika kimoja au viwili kwa kikombe. "Fumbua! Vimejificha vingapi?" Akijibu, ainue kikombe mwenyewe. Kisha badilishaneni: yeye afiche, wewe ukisie, na ukosee makusudi mara mojamoja ili akusahihishe. Ukianza na vitano atabahatisha tu, kwa hiyo usiruke hatua ya vitatu.

Tuje kwenye herufi. Chukua vizibo 25 na makapeni ya wino usiofutika kwa maji. Kwa wino mwekundu andika irabu a, e, i, o, u, kila moja mara tatu. Kwa wino mweusi andika m, b, k, t, l, kila moja mara mbili. Herufi ziwe ndogo, si kubwa. Chini ya kila herufi piga mstari. Mstari huo usiusahau: kizibo ni duara, kikigeuka m inasomeka w. Mstari unamwambia mtoto wapi ni chini. Ukikosea kuandika, pamba yenye spiriti inafuta.

Anza na irabu pekee, siku nne au tano. Baadaye ingiza m, na itamke kama mlio tu, midomo imefungwa: mmm. Usiseme "ma", wala "em". Ukimfundisha kwamba m ni "ma", siku ya kuunganisha m na a atasoma "maa", na atakuwa sahihi kwa ulivyomfundisha. Sogeza kizibo cha m taratibu kuelekea a: mmm... a... ma. Vizibo vikigongana, silabi imezaliwa. Halafu me, mi, mo, mu. Weka ma mbili pamoja na umwache asome mwenyewe. Kwa herufi hizi utapata mama, baba, kaka, kuku, bata, moto, tatu na lala. Herufi d tumeiacha makusudi, kwa kuwa watoto huichanganya na b. Isubiri b izoeleke.

Mchanga ni wa kuandikia. Chekecha mchanga mkavu, umwage kwenye sinia kina cha nusu sentimita hivi. Ukizidi, mstari unajifukia. Ukiwa na unyevu, unanata kidoleni. Mtoto anachora herufi kwa kidole huku akitoa mlio wake, anatikisa sinia, anaanza upya. Unga usitumie, utaita sisimizi.

Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha. Akianza kurusha vizibo, jua mmeshapitiliza. Kesho maliza mapema zaidi, akiwa bado anataka.

Kabla ya kufunga mkebe wa vizibo, mwambie ajaze vipande vyote vitatu vya trei, kizibo kimoja kila kishimo. Vikijaa, vinabaki vitano mkononi. Vikibaki vinne, kimoja kimeangukia mahali: kitafuteni sasa hivi, mdogo wake hajaamka.