Grafti ya Aota Ikiziba: Kutoa Damu Iliyoganda ni Nusu ya Kazi

Ndugu madaktari wenzangu,

Mgonjwa aliyewekewa stenti-grafti (bomba la kitambaa lenye kiunzi cha chuma, lenye shina moja na matawi mawili ya kupeleka damu miguuni) kwenye aota, mshipa mkuu wa damu, sehemu ya tumbo akija na mguu mmoja wa baridi, mweupe, unaouma ghafla, hesabuni kwamba tawi moja la grafti limeziba mpaka picha ya CT iseme vinginevyo. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ianze mara moja, uniti 80 kwa kilo. Halafu mguseni vidole na mwambieni avisogeze. Misuli ikianza kulegea, hilo ni daraja la IIb la Rutherford (kipimo cha ukali wa mguu kukosa damu), yaani mguu uko karibu kupotea, na chumba cha upasuaji hakisubiri asubuhi.

Fungueni kinena, dhibitini ateri ya paja na matawi yake. Pitisheni waya kwanza, kisha katheta ya Fogarty (mrija wenye puto la kuvutia damu iliyoganda) ya ukubwa wa 5 au 6 juu ya waya huo, mkiitazama kwenye eksirei tangu mwanzo hadi mwisho. Kuvuta bila kuona ni hatari kweli: puto lililojazwa kupita kiasi huweza kuisogeza grafti au kulichomoa tawi kutoka kwenye shina lake, na bonge likirukia upande wa pili mtakuwa na miguu miwili ya kuokoa.

Damu ikishatiririka, msishone bado. Tawi haliwi na tabia ya kuziba bila sababu: limejikunja kwenye ateri ya iliaki (ile inayotoka aota kwenda mguuni) yenye kona, limebanwa mahali aota inapogawanyika, au mwisho wake umeishia kwenye ateri nyembamba. Pigeni picha za eksirei zenye dawa ya kuonyesha mishipa, kwa pembe mbili, na kabla ya hapo toeni waya mgumu. Waya huo huinyoosha kona. Tawi litaonekana limefunguka vizuri, nanyi mkiutoa baadaye linajikunja tena huku jeraha limeshafungwa. Kona ikionekana, wekeni stenti ndani yake. Kama ni aota nyembamba inayobana matawi yote mawili, tanueni pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Waya ukikataa kupita, msipigane nao. Bomba la PTFE (plastiki ya kutengenezea mishipa bandia) la milimita 8 kutoka ateri ya paja lenye afya hadi ile ya paja lililoziba, likipita chini ya ngozi juu ya kinena, linatosha. Matawi yote mawili yakiziba, damu ya bomba hilo ichukuliwe kwenye ateri ya kwapa.

Kuing'oa grafti nzima kubaki kwa maambukizi au pale njia nyingine zimeshindikana. Kulabu za chuma za juu ya grafti zikiwa zimeshika ukuta wa aota, kateni bomba la sindano la mililita 20, lipitisheni juu ya grafti na kulisukuma juu taratibu: kulabu hujikunja ndani bila kuichana aota.

Mguu uliokosa damu zaidi ya saa 6 mfungulieni vyumba vyote vinne vya misuli chini ya goti, kwa mikato miwili, kabla haujavimba. Mwambieni mtaalamu wa ganzi kabla ya kuachia klampi (kibanio cha mshipa), kwani potasiamu inayorudi moyoni kutoka kwenye misuli hiyo huweza kuusimamisha.