Upepo au Maji? Wenye Nyumba na Kampuni za Bima Baada ya Mafuriko

(Mhadhara kwa wakazi wa Nyamasaria na mitaa jirani, Kisumu)

Mwenyekiti, mzee wa mtaa, mama zangu, majirani, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya bima ya nyumba, na mwenyekiti amenionya nisiuze kitu. Siuzi. Nimekuwa wakala wa bima hapa mjini miaka mingi, na leo nataka kuwaonyesha yanayofanyika upande ule wa kaunta msiouona. Nitaanzia mbali, Marekani, halafu tutarudi nyumbani.

Sisi Kisumu tumekaa karibu kabisa na ikweta, na vile vimbunga vikubwa vya baharini haviundiki karibu na ikweta. Kimbunga kama Katrina, kile cha Marekani, hakitafika hapa. Ila ugomvi uliofuata Katrina umefika zamani.

Katrina iliipiga pwani ya Louisiana na Mississippi tarehe 29 Agosti 2005. Upepo ulitangulia ukaezua mapaa. Baadaye bahari ikapanda nchi kavu na kuzoa nyumba nzima nzima. Watu waliporudi, wengine walikuta sakafu ya saruji tu, hata ukuta wa choo haupo. Wengi walikuwa na bima ya nyumba, na walikuwa wamelipa bila kukosa. Lakini bima ya kawaida ya nyumba kule hulipa hasara ya upepo, hailipi mafuriko. Mafuriko yana mpango wake wa serikali kuu, ulioanzishwa mwaka 1968, na kikomo chake kwa jengo la familia ni dola 250,000. Wengi hawakuwa nao. Basi mkadiriaji wa hasara, huyu tunayemwita asesa, anakuja, anasimama juu ya ile sakafu tupu, na swali lake ni moja: nyumba ilichukuliwa na upepo au na maji? Sasa wewe toa ushahidi wa paa ambalo liko baharini.

Msidhani yaliwapata wanyonge peke yao. Seneta Trent Lott, aliyewahi kuwa kiongozi wa wengi katika Seneti ya Marekani, nyumba yake ya Pascagoula ilifagiliwa. Kampuni ikasema ni maji. Akaenda mahakamani kama mwananchi mwingine yeyote, na hatimaye wakamalizana nje ya korti. Mtu anayetunga sheria za nchi! (Kicheko.) Mnacheka, lakini ndiyo hali yenyewe.

Kuna jambo jingine la kule ambalo kila nikilifikiria nashangaa. Ule mpango wa serikali wa mafuriko huuzwa na kuendeshwa na kampuni hizohizo za binafsi, kwa niaba ya serikali. Kwa hiyo asesa mmoja anaweza kuikagua nyumba moja kwa ajili ya mikataba miwili. Akiandika maji, inalipa serikali. Akiandika upepo, inalipa kampuni. Mngeandika nini nyinyi? Wakadiriaji wawili, dada wa familia moja, walitoboa siri wakapeleka kesi. Mwaka 2013 juri ikaamua kwamba kampuni ya bima ya State Farm iliilaghai serikali katika nyumba moja iliyochukuliwa kama mfano, hasara ya upepo ikaandikwa ya mafuriko. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, na mwaka 2016 hukumu ikabaki palepale.

Na kuna kifungu kilichowaumiza watu wengi zaidi ya huo ulaghai. Mikataba yao iliandika kwamba maji yakichangia hasara, hata kama kuna sababu nyingine pembeni, na kwa mpangilio wowote ule, hakuna malipo. Yaani upepo ukiezua paa saa mbili asubuhi na bahari ikifika saa nne, kampuni inasema bahari imefuta yote. Mahakama zilivutana juu ya hili kwa miaka. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Mississippi ikasema hapana: kilichoharibiwa na upepo kabla maji hayajafika ni hasara ya upepo, na maji ya baadaye hayawezi kukifuta. Hapo shikeni neno moja, saa. Nitalirudia.

Sasa turudi hapa. Nyamasaria tuna mto nyuma ya nyumba, Nyalenda na Manyatta wana Auji, Ahero wana Nyando, na uwanda wote wa Kano unajua mvua ya masika ikizidi milimani Nandi na Kericho inamaanisha nini huku chini. Budalang'i nao wana tuta la mto Nzoia. Kwa upande wa juu tuna zile mvua za radi za jioni, zenye upepo na mawe, zinazokunja mabati kama karatasi. Kwa hiyo nyumba ya hapa inaweza kuharibiwa na maji kwa njia nyingi, na kila njia ina jina lake kwenye mkataba wa bima.

Mabati yaking'oka, mvua ikaingia, sofa na godoro zikaloa, hiyo ni dhoruba. Mto ukivunja kingo ukaingia sebuleni, hayo ni mafuriko. Bomba likipasuka juu ya dari, ni bomba. Maji machafu yakirudi juu kupitia choo kwa sababu mtaro wa barabarani umeziba, hapo mnaanza kuvutana. Na ukuta ukinyonya unyevu mwaka baada ya mwaka hadi plasta ianguke, utaambiwa ni uchakavu, na uchakavu haulipwi na mtu.

Mkataba mnaoufahamu zaidi ni ule wa nyumba na vitu vyake pamoja, ambao una sehemu ya jengo, sehemu ya vitu vya ndani, sehemu ya vitu unavyotembea navyo kama laputopu, na sehemu ya wafanyakazi wa nyumbani. Wengine mna ule wa moto, ambao kwa asili yake ni moto na radi, halafu dhoruba, mafuriko na tetemeko huongezwa kando kwa malipo ya ziada. Hapa ndipo maumivu mengi huanzia. Mtu ananiambia, "Mimi nina bima ya nyumba." Namwambia alete karatasi. Ukurasa wa ratiba, ule wenye jina lako na kiasi cha fedha, hauna neno mafuriko popote. Alilipa miaka yote kwa moto ambao haukuja.

Na mlio na mikopo ya benki ya kununua au kujenga nyumba, sikilizeni vizuri. Ile bima benki iliyowakatia inalinda kwanza jengo ambalo benki inadai. Fidia ikitoka, benki ndiyo ya kwanza kulipwa. Televisheni yako, vitanda, sare za watoto za shule, mara nyingi havimo kabisa. Nimeona watu wakitoka kwenye kaunta ya benki wamekasirika kweli, na siwalaumu, kwa sababu makato yanaonekana kila mwezi lakini mkataba wenyewe hawajawahi kuupewa. Ni haki yako kuuomba. Uombe kwa barua, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kuna fomu ya maombi pia. Niseme ukweli juu ya kazi yangu: sisi mawakala ndio hujaza fomu nyingi, na mteja anasaini pale tulipoweka alama ya X kwa penseli. Kwenye fomu hiyo kuna swali: je, nyumba hii au eneo hili limewahi kupata mafuriko? Wakala mwenye haraka anaandika hapana. Siku maji yanapoingia, kampuni inatoa fomu kwenye faili na kusema ulificha jambo la maana, na kwa sheria ya bima kuficha jambo la maana kunaweza kuua mkataba mzima. Andikeni ndiyo. Premiamu, yaani ada unayolipia bima, itapanda, ndiyo, lakini mtakuwa mmenunua kitu.

Tuje kwa asesa. Amelipwa na kampuni, na wengi wao ni watu wa haki, lakini asisahau mtu ni nani anamlipa. Haji kupinga kwamba sofa limeloa, hilo analiona. Anakuja kuandika chanzo. Kwa hiyo tayarisha ushahidi wa chanzo, wa hasara utajionyesha. Watu wengi hufanya kinyume: wanapiga picha sofa. Piga picha ya ukuta. Mafuriko ya mto huacha mstari wa matope uliolala sawa kuzunguka vyumba vyote, chini ya dirisha au juu yake. Maji ya paa huacha michirizi ya kahawia kutoka kwenye dari kwenda chini, na ubao wa dari umevimba katikati. Mtu aliyezoea anatofautisha kwa dakika moja. Ukikimbilia kupaka rangi kabla hajafika, umefuta shahidi wako mwenyewe.

Na ile saa niliyosema. Simu zenu zinaandika saa kwenye kila picha. Bati likianza kupiga kelele, piga video fupi. Mto ukiingia uani, piga nyingine. Tuma kwa jirani kwenye WhatsApp, kwa sababu hapo saa inabaki pande mbili. Idara ya Hali ya Hewa ina kituo hapa Kisumu, na rekodi ya mvua na upepo wa siku hiyo inaweza kuombwa. Wale wa Mississippi walioshinda walitegemea mambo kama haya: saa ya upepo, saa ya maji, miti iliyoangukia upande upi.

Chanzo kinaweza kubadilika hata baada ya watu kukubaliana. Mkumbuke Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli kuukuu, kwenye njia ya maji iliyoziba, kisha yakalivunja. Pale walipotea watu, na hakuna bima inayorudisha mtu. Lakini kwa aliyebaki na kiwanja kitupu, mkataba unaweza kulitazama bwawa kwa jicho lake na mto kwa jicho jingine.

Kijana wa pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza kuhusu ziwa: likipanda likaingia nyumbani, bima inalipa? Hilo ni swali gumu kuliko yote. Ziwa Victoria lilivunja mwaka 2020 rekodi yake ya mwaka 1964, likaivunja tena mwaka 2024. Nakuru, wakazi wa Mwariki waliona ziwa lao likiingia mitaani, na Naivasha, Kihoto ikageuka mahali pa mashua. Maji kama hayo hayaji kwa usiku mmoja. Yanasogea, leo ukutani, mwezi ujao jikoni. Na mikataba mingi hukataa hasara inayokuja polepole. Msimamo wangu ni kwamba ziwa likishavuka kizingiti cha mlango, hayo ni mafuriko, liwe lilitembea au lilikimbia. Na sheria ina kanuni nzuri hapo: maneno ya mkataba yakiwa na utata, yanasomwa dhidi ya aliyeyaandika, na wewe hukuyaandika. Tena kampuni ikitaka kujificha nyuma ya kifungu cha kukataa, ni juu yake kuthibitisha kwamba kifungu hicho kinahusika. Lakini sitawadanganya kwamba ni kesi rahisi.

Mkilipwa pungufu, mara nyingi ni hesabu hii. Nyumba yako kuijenga upya leo ni milioni 6. Uliikatia bima ya milioni 3 ili premiamu ipungue. Hasara ni shilingi 800,000. Kampuni inasema ulikata nusu, basi tunabeba nusu: 400,000, kisha wanatoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unasema unaibeba mwenyewe. Si wizi, iko kwenye mkataba. Florida ni kali zaidi: kwa kimbunga, sehemu ya kubeba mwenyewe mara nyingi huwa asilimia 2, 5 au hata 10 ya thamani ya bima yote, si ya hasara. Ilizidi baada ya kimbunga Andrew cha mwaka 1992, ambacho kilifilisi kampuni kadhaa. Hapo naielewa kampuni kidogo. Gari moja likigongwa ni dai moja. Mto ukifurika, Kano nzima inadai siku moja.

Lakini kuelewa si kunyamaza. Sheria ya Bima, Sura ya 487, kifungu cha 203, inazungumzia siku 90 za kulipa dai. Ripoti kwa maandishi, siku zihesabike. Ukikataliwa, dai barua yenye kifungu walichotumia, si maneno ya simu. Kisha iko Mamlaka ya Kudhibiti Bima, inapokea malalamiko bila ada. Na ile hati ya kumalizana watakayokuletea pamoja na hundi, usisaini ukiwa na njaa. Ukishasaini kwamba hayo ni malipo kamili na ya mwisho, kulifungua dai tena ni kazi ya wakili.

Mama wa nyuma pale ameinua mkono. Anauliza: yeye ni mpangaji, mwenye nyumba ana bima, je, friji yake imo? Haimo, mama. Bima ya mwenye nyumba inalinda kuta na paa lake. Wewe unaweza kukata ya vitu vya ndani peke yake, na huhitaji hati ya kiwanja. Orodhesha vitu na bei zake, weka risiti, hata za soko la Kibuye. Na kabla hujatuma pesa, mwambie wakala akuonyeshe neno mafuriko kwenye ratiba, kwa macho yako.